Zoezi la Darasa la Nne

Duka la fotokopi lililo mkabala na kituo cha mabasi halina foleni, lina vurugu. Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la nne alifika hapo amevaa gauni la njano, akapigwa kikumbo, karatasi zake zikatawanyika miguuni mwa watu. Fundi wa mashine akatoka nyuma ya meza kumwokotea. Alikuwa mrefu, shati limenyooshwa mpaka kola, vidole vyeusi kwa wino.

"Pole, mwalimu. Zako natoa kwanza."

"Umejuaje kama ni mwalimu?"

"Umewakemea watu wazima, na wamenyamaza."

Mwalimu akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Haukupita mwezi, simu zikawa haziishi. Ujumbe fundi aliuandika kwa Kiingereza, akiamini mwalimu wa Kiingereza hubembelezwa kwa Kiingereza. Alikuwa ameachia shule darasa la sita baba yake alipofariki. Hilo alimweleza mwenyewe, macho chini, naye mwalimu akamshika mkono akamwambia haidhuru. Lakini shuleni hakumtaja kwa mtu. Wenzake walipomtania kuhusu simu hizo, alisema ni binamu yake.

Wiki hiyo alikuwa anafundisha sentensi zisizokamilika. Watoto wake walikuwa wakiandika "The girl with the big bag", wanaweka nukta na kwenda zao kucheza. Akawafundisha kuuliza maswali mawili: ni nani, na amefanya nini? Jibu moja likikosekana, sentensi ni mgonjwa, itibiwe. Watoto wakanogewa, wakamaliza mifano yote ya kitabuni.

Saa ya chai, akiwa na haraka ya kupata mifano mipya, mwalimu alifungua simu yake akanakili sentensi sita za fundi. "When I see you in the yellow dress." "My heart all the day." Akawasomea walimu wenzake bila kusema zimetoka kwa nani. Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Naye akacheka, tena kuliko wote. Juu ya karatasi akaandika kwa mkono wake kwamba sentensi hizi zirekebishwe, akampa tarishi wa shule akatoe kopi.

Siku hiyo mashine ya duka la jirani na shule ilikuwa mbovu. Tarishi akaenda mpaka kituo cha mabasi.

Fundi aliusoma mstari wa kwanza mashine ikiwa inanguruma. Mwandiko aliufahamu, na maneno yalikuwa yake. Alitoa kopi zote arobaini na tano, akazipanga vizuri, akamkabidhi tarishi.

Simu ikanyamaza siku tatu. Siku ya nne mwalimu akamuuliza tarishi zile kopi alizitolea wapi. Alipojibiwa, ilibidi akae chini. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Mchana huo alikwenda dukani, watu wakiwa wamejaa.

"Kopi ngapi, mwalimu?" fundi aliuliza bila kumtazama.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Watoto wamepata ngapi?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nauliza kweli. Nilitaka kujua kama mtoto wa miaka tisa ameweza kunirekebisha."

Machozi yakamtoka mwalimu mbele za watu. Akasema yote, hata yale ambayo fundi hakuwa anayajua: kwamba aliwasomea wenzake, kwamba walicheka, kwamba pale shuleni alisema fundi ni binamu yake. "Nilikuonea aibu," alisema. "Darasa la sita. Niliogopa watasemaje."

Fundi akazima mashine. "Kiingereza changu kibovu, najua. Nilidhani kwako kiko salama."

"Kesho saa nne walimu wote tunakunywa chai. Njoo."

"Nije nichekwe?"

"Njoo nichekwe mimi."

Alikuja. Vidole alikuwa amevisugua, wino ukakataa kutoka. Mwalimu akasimama.

"Sina binamu anayenipigia," aliwaambia wenzake. "Anayenipigia ni huyu. Zile sentensi mlizocheka aliniandikia mimi, nami nikazitoa hadharani."

Mwalimu mkuu akakohoa, mwingine akaanza kuchunguza kikombe chake. Fundi aligeuka kutaka kuondoka, ndipo mwalimu wa hesabu akavuta kiti.

"Karibu, shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa na haya.

Fundi akakaa ukingoni mwa kiti, akapewa chai. Walipobaki wawili akasema kwa sauti ya chini, "Bado nina hasira."

"Najua."

"Jumapili nakuja kwenu na mjomba wangu. Mama yako anajua mimi ni nani?"

Mwalimu akainamisha kichwa. Nyumbani alikuwa amesema ni mzazi wa mwanafunzi.

"Hajui," alisema. "Nitamwambia leo."

"Na darasa la sita?"

"Nitaanzia hapo."