Ketill Atibiwa Huku Akilala Kwake

Dagný alikuwa mwanamke wa maswali. Angeweza kumuuliza hata kondoo kwa nini anatafuna. Lakini swali moja lilimkaa kooni: mumewe Ketill ana nini?

Ketill halali. Haongei. Akiamka anatazama ukuta tu, na akitaka kuutuliza moyo anakunywa. Mwaka jana kondoo walizaa yeye akiwa amelewa chakari. Wanakondoo wengi walikufa, naye kwa uchungu akazidi kunywa. Sasa msimu wa kuzaa ulikuwa unakaribia tena.

"Nenda ukatibiwe," Dagný alimwambia.

"Wakanifungie mjini? Kondoo awazalishe nani? Wewe na maswali yako?"

Jumamosi Dagný alikwenda kwenye bwawa la maji moto la kijiji. Huko watu hukaa majini hadi shingoni wakaongea yote, hata theluji ikiwadondokea kichwani. Alimkuta jirani yake Thorunn, muuguzi wa kliniki ya mjini.

"Jirani, hebu niambie. Ketill akija kwenu, atalazwa?"

"Daktari atampima kwanza. Wengine hulazwa. Wengine huja asubuhi, jioni wanarudi kwao."

"Basi aache pombe kwanza, ndipo aje?"

"Hapo ndipo mnapokosea. Asiache ghafla peke yake. Mwili uliozoea pombe unaweza kupata hata degedege. Aje alivyo."

"Mtaanza kutibu nini, pombe au huzuni?"

"Vyote pamoja. Huzuni inamsukuma anywe, na pombe inaongeza huzuni. Ukitibu kimoja, kingine kinakirudisha."

"Na humo ndani mnamfanya nini?"

Thorunn akacheka. "Wewe ungefaa upolisi. Anaongea na mshauri. Anakaa na wenzake kwenye kikundi. Akihitaji dawa, anapewa. Siku nyingine na wewe utaitwa."

Ketill alipoelezwa, alishika neno moja tu: jioni anarudi. Akakubali. Daktari alimpima, akasema anaweza kutibiwa huku akilala kwake.

"Wamekufanya nini?" Dagný aliuliza siku ya kwanza, hata kabla mumewe hajavua koti.

"Wamenisikiliza," alisema Ketill, naye mwenyewe alionekana kushangaa.

Wiki chache baadaye alikunywa tena. Kwa aibu akakataa kurudi kliniki. Dagný akampigia Thorunn simu.

"Ameteleza, hajashindwa," alisema Thorunn. "Aje aseme."

Alikwenda, akasema. Hakuna aliyemfukuza. Walimwongezea siku za kuonana na mshauri.

Kondoo wakaanza kuzaa. Asubuhi moja Ketill aliingia jikoni, mikono imejaa damu.

"Wawili wamekufa," alisema. "Nataka kunywa."

Zamani asingesema. Angepotelea nyuma ya banda na chupa yake. Dagný aliogopa, na maswali yakamjaa mdomoni. Akauliza moja tu.

"Nikae nawe?"

"Kaa."

Walikaa, wakaongea, hadi kahawa ikapoa. Kisha Ketill akavaa buti zake.

"Twende," alisema. "Kuna mwingine ameanza uchungu."