Vyuo Vitatu kwa Siku Moja

Kila asubuhi Lulu alifagia uwanja, akajaza ndoo bombani, kisha akachemsha chai ya mchaichai. Kazi zote hizo alizimaliza mbio mbio, maana hakuwa mtu wa kutulia. Majirani zake pale Zinga walizoea kumtania kwamba Lulu akikaa kitini, kinachochoka ni kiti.

Dada yake, Mwanabaraka, alikuwa mtu mwingine kabisa. Tangu utotoni alitembea kwa magongo mawili, na kila hatua aliipima kabla ya kuipiga. Mwaka huo alikuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri. Alitaka kusomea ualimu, na alikuwa na majina ya vyuo vitatu vya Dar es Salaam: Mnarani, Upeo na Mikoroshini. Masomo yao yalifanana na ada zao zilikaribiana. Kilichomsumbua ni maisha ya humo ndani. Watu wake wanaishije? Wanajaliana? Njia zake zinapitika?

Alipanga kwenda kujionea mwenyewe, lakini malaria ikamlaza, na siku ya mwisho ya kutuma maombi ilikuwa inakaribia. Basi Shangazi Adila, fundi cherehani aliyewalea wote wawili, akafunga kibanda chake siku moja. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo akamchukua Lulu.

"Mimi nitakuwa ofisini kwao naulizia fomu," alisema. "Wewe zunguka, uangalie madarasa na mabweni, uandike. Dada yako anakutegemea."

Walianzia Mnarani. Njia zilikuwa za saruji, safi, na kimya kilitanda kama chumba cha mtihani. Mwanafunzi mmoja aliangusha makaratasi yake ukumbini, na wenzake wakayaruka bila hata kumtazama. Lulu akaandika hayo yote.

Huko Upeo mambo yalikuwa mengine. Kikundi cha ngoma kilikuwa mazoezini, na upande wa pili wanafunzi walikuwa wakifanya mdahalo na kupigiana makofi. Wasichana wawili walimwita Lulu, wakamfundisha mtindo wa kucheza, wakapiga naye picha. Moyo wake ukanasa papo hapo. Alipofika bwenini aliona ghorofa tatu za ngazi nyembamba, na lifti iliyofungwa kwa mnyororo. Aliinua kalamu, akasita, kisha akafunga daftari.

Walipofika Mikoroshini jua lilikuwa kali na miguu ilimuuma Lulu. Shangazi alipoingia ofisini, Lulu alibaki getini, akanunua ubuyu na kukaa kivulini akila. Aliandika mistari miwili tu: "Chuo kidogo. Wanafunzi wapweke, hakuna la maana."

Jioni ile Mwanabaraka alijiinua kitandani asikilize. Lulu alimsimulia Upeo mpaka mikono ikacheza hewani.

"Na bweni lake?" Mwanabaraka aliuliza. "Lina ngazi?"

"Zipo, lakini chache tu."

"Basi nitakwenda Upeo," dada yake akasema, uso umemng'aa.

Lulu alifurahi, maana alijiona tayari akimtembelea huko kila likizo. Furaha hiyo haikudumu. Kesho yake aliunguza uji. Siku iliyofuata aliacha bomba wazi mpaka maji yakafurika uwanjani. Alitoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Kila Mwanabaraka alipomwambia jirani, "Naenda Upeo," Lulu alihisi kama amekalia siafu.

Homa ilipomwachia, Mwanabaraka alianza kwenda kwenye baraza ya jirani yenye vidato vitatu vya ngazi. Lulu alimkuta huko asubuhi moja, jasho likimtiririka. Mwanabaraka alipandisha gongo, akajivuta kidato cha kwanza, kisha cha pili. Gongo likateleza. Alianguka kwa ubavu, kiwiko kikachubuka.

"Dada! Unafanya nini?"

"Nafanya mazoezi," Mwanabaraka alijibu akihema, huku akijaribu kucheka. "Si ulisema ngazi ni chache? Nitazizoea tu."

Lulu alipiga magoti mchangani. "Si chache, dada. Bweni lina ghorofa tatu, na lifti imefungwa mnyororo. Niliona, nikakuficha kwa sababu chuo kile nilikipenda mimi."

Mwanabaraka alijifuta mchanga kiwikoni. "Na Mikoroshini?"

"Sikuingia. Nilikaa getini nikala ubuyu."

"Kesho kutwa ndiyo mwisho wa maombi, Lulu, na bado sijatuma." Sauti yake ilitetemeka. "Nilikuwa nimelala na homa, nikakuamini wewe."

Lulu hakungoja kutumwa. Alikwenda mwenyewe kibandani kwa Shangazi Adila, akamweleza yote huku akilia. Shangazi alisimamisha cherehani na kumkazia macho mpaka Lulu akainamisha kichwa. Hakumpiga. Alfajiri yake aliwaamsha wote wawili, wakaelekea Mikoroshini, Mwanabaraka akiwa nao safari hii.

Getini msichana mmoja aliweka chini ndoo yake. "Karibuni. Tupite huku, dada, upande ule mchanga ni mwingi."

Njia ile ilikuwa imetandikwa mbao. Msichana alieleza kwamba wanafunzi ndio walioitengeneza, kwa ajili ya mwenzao wa kiti cha magurudumu. Huyo alikwisha kuhitimu, lakini kila mwaka wanafunzi wapya hubadilisha mbao zilizooza. Mabweni yalikuwa ya chini, bila ngazi. Maktaba ilikuwa ndogo, maji yalikatika mara kwa mara, na jikoni wawili walikuwa wakibishana ni zamu ya nani kuchambua maharage. Mwanabaraka aliuliza maswali mengi, akazunguka mpaka bustani ya mchicha. Mwishowe alikaa kwenye benchi katikati ya wanafunzi, akaomba simu ya shangazi, akatuma maombi yake.

"Ngoma hawana," alimwambia Lulu, "lakini hapa nitafika darasani kwa miguu yangu."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Kiwiko ndicho bado kina hasira."

Shangazi Adila alimvuta Lulu karibu. "Na mimi nina kosa. Niliuliza fomu, sikutazama walio nje ya ofisi. Lakini sikiliza, mwanangu. Mtu akikutuma ukamtazamie jambo, amekukabidhi macho yake. Ukimletea unachokipenda wewe badala ya ulichokiona, umempofusha, na atakayejikwaa ni yeye. Ukweli usiopendeza ni bora kuliko uongo mtamu."

"Nimesikia, shangazi," Lulu alisema. Kisha akamwendea yule msichana wa ndoo, akamwomba amwonyeshe mbao zilizooza, ili naye asaidie kubadilisha mojawapo kabla hawajaondoka.