Kidonda Alichokificha Mke wa Kinyozi

Mikono ya kinyozi ilikuwa mipole, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Zahanati ya mtaa ilipotangaza kwamba sasa bima itailipa kwa jinsi wagonjwa wanavyopata nafuu, si kwa wingi wa sindano na vipimo, yeye alikuwa na utabiri wake.

"Mtaona," aliwaambia wateja. "Watachagua wagonjwa wepesi. Wenye maradhi sugu watapigwa chenga."

Wateja walicheka. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea mlangoni mwa kibanda chake, hakucheka. Yeye alikuwa na kisukari.

Miezi ikapita. Mkewe alipata kidonda cha unyayo, akatibiwa zahanati, kisha akamwambia nesi kimepona. Asubuhi moja kinyozi akashtuka kuona cherehani iko kimya na mkewe anashona kwa mkono. Alipouliza, akaambiwa uzi unakatika. Alipoinama kuutazama, akaona mguu wa mkewe umevimba, umefungwa kitambaa. Chini ya unyayo kidonda kilikuwa bado kibichi.

"Si ulimwambia nesi kimepona?"

"Nilimdanganya. Ulisema wasiopona watatupwa. Niliogopa kuachwa."

Kinyozi alinywea. Maneno yake ya kuchekesha watu yalikuwa karibu kumkatisha mkewe mguu. Alifunga kibanda, wakaenda zahanati.

Nesi hakugomba. Alisafisha kidonda huku akieleza taratibu. Kila mgonjwa hupimwa kwa hali aliyoanza nayo, kwa hiyo mwenye kisukari halinganishwi na mwenye mafua. Asiyepona haachwi, bali hufuatwa mpaka nyumbani. Lakini akificha, hawajui kama anahitaji kufuatwa.

"Mama, ukipona unataka uweze kufanya nini?" aliuliza.

"Kukanyaga cherehani yangu."

"Basi tutapima kwa hilo."

Alipewa kiatu maalumu cha kulinda kidonda, na daktari akambadilishia dawa. Nesi alipita nyumbani kubadilisha bandeji. Kinyozi naye alifundishwa kukagua nyayo za mkewe kila jioni, maana mwenye kisukari anaweza kuumia asihisi. Mkewe alimtania kwamba hata siku ya harusi hakumshika miguu kwa adabu namna hiyo.

Kidonda kilifunga polepole. Leo cherehani inalia tena mlangoni, na wateja hawaachi kumkumbusha kinyozi utabiri wake. Anakubali alikosea, ingawa bado anasema zahanati zichungwe. Juzi mteja mmoja alimchokoza, akamtaka atabiri hali ya mkewe mwakani.

Kinyozi alimtazama mkewe akikanyaga.

"Siku hizi sitabiri," alisema. "Namuuliza mwenyewe, na namsubiri anijibu."