Bandeji ya Kiraka

"Huyu naye hafai," daktari alisema, mwenye duka aliyekuja kumchukua mbwa alipoondoka na kamba yake mkononi. "Ana sauti kubwa. Mbwa atashtuka."

Nilikubali harakaharaka. Wa juzi tulimkataa kwa sababu ana watoto watano, wa jana kwa sababu hana hata mmoja. Ungetuuliza tunamtafuta mtu wa namna gani, ungetuacha tunatazama dari.

Mimi ni fundi cherehani. Miezi miwili iliyopita nilimkuta mbwa huyu, Kiraka, nyuma ya kibanda changu, wenyewe wamehama wakamwacha na mnyororo shingoni. Mbavu unazihesabu, mguu una kidonda kinachonuka. Nilimfunga kwenye shuka nikambeba hadi kwa daktari wa mifugo, nalia njia nzima bila aibu. Daktari aliniambia nimshike kichwa na niongee naye asiogope. Nikaongea wee, mpaka daktari mwenyewe akaanza kunijibu.

Tangu siku hiyo, kila jioni nikifunga kazi, safari ni ile ile: kubadilishiwa bandeji. Kiraka alinenepa, akaanza kubweka, akala ndala zangu zote. Daktari akasema nisiwe na pupa, kidonda kinataka subira. Nilikuwa na subira mimi! Kwa macho yale ya daktari, nani asingesubiri?

Tatizo ni mama mwenye nyumba wangu. Mbwa hataki hata kumsikia. Jumatano akanitumia ujumbe: "Jumamosi jioni nikimkuta huyo mbwa, mtatoka wote wawili."

Jumamosi asubuhi akaja kwa daktari mwalimu mstaafu, mjane, mpole. Tulimwamkia, akaketi. Kiraka akamwendea moja kwa moja, akalala miguuni pake na kufumba macho. Daktari akamuuliza kama ana uzio. Anao. Kama ana muda. Anao tele. Mimi nikamuuliza kama anapenda mbwa, na huku namwona anamkuna masikio.

Daktari akakohoa.

"Shida ni mguu, Mwalimu. Bado tunatibu. Labda wiki tatu hivi."

Mwalimu aliinama, akaifungua bandeji taratibu. Ndani kovu kavu, manyoya yameshaota.

"Daktari, hapa mnatibu nini?"

Daktari alinitazama mimi, si yeye.

"Mguu umepona zamani," akasema. "Niliogopa ukishapona, Fundi hatakuja tena."

Ukweli ni ukweli.

"Mimi nashona mwaka wa tisa," nikamwambia. "Mshono uliofunga naujua. Niliuona wiki tatu zilizopita, nikanyamaza ili niendelee kuja."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kweli mficha maradhi kilio humuumbua, watu wazima na akili zetu tunamfunga bandeji mbwa mzima. Kisha akauliza kwa upole kama anaweza kumchukua.

Hapo sikucheka. Nilipiga magoti nikamkumbatia Kiraka, nikamwambia amepata kwao. Alinilamba shavu, akamfuata Mwalimu bila hata kugeuka. Nililia, lakini kwa furaha, maana yule mbwa wa mnyororo sasa alikuwa anatembea kwa maringo.

Tukabaki wawili. Daktari alikunja bandeji, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kesho hakuna mgonjwa," akasema.

"Hakuna."

"Basi utakuja?"

"Sasa ni zamu yako kuja. Kesho Jumapili mama yangu yupo nyumbani, baada ya saa nne."

Saa tatu na nusu alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mama yangu si mtu wa kuzungukazunguka. Alimpa kiti, akamuuliza ni nani na amefuata nini. Nilimwona jasho linamtoka, nikataka kumsaidia, Mama akaninyooshea kidole ninyamaze.

"Mimi ni daktari wa mifugo, Mama. Miezi miwili binti yako analeta mbwa kwangu. Nilikuwa na kisingizio cha kumwona kila siku, kisingizio kikapona. Nimekuja mwenyewe kumwomba kwako."

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, muda mrefu. Halafu akanigeukia.

"Wewe umesimama nini hapo? Mletee mwenzio chai."