Dumu la Tano

JUMATANO, SAA 10:20 JIONI. KIBONDO.

Nurudini alichora mashua sakafuni kwa mkaa, akaichora vibaya. Ilitoka kama kiatu.

"Hii ni mashua," akasema, maana aliona wenzake hawajaelewa.

Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, unga umewaganda kwenye nyusi. Nurudini ndiye bosi, mwenye bastola kiunoni aliyoipapasa kila dakika kama mtu mwenye upele. Twalibu alikuwa dereva, na tangu azaliwe hajapewa hela ya mafuta ikafika kituoni yote. Wa tatu ni Nkunzimana, fundi wa matenki, aliyewadharau wote wawili, kisha akajidharau mwenyewe kwa kukaa nao.

Mchongo wenyewe ulikuwa hivi. Tajiri mmoja alikuwa anasafirisha mashua ya tanga kwa trela, kutoka Mwanza kwenda Kigoma. Ekseli ya trela ikakatika Kasulu. Sasa mashua imekaa yadi, imeegemezwa magogo, mlingoti umelazwa juu yake, ziwa liko mbali huko, na watu wanapita kuishangaa. Ila tajiri yule hakuwa na shida ya mashua. Ndani ya tenki la dizeli, nyuma ya ukuta wa kati, kulikuwa na dhahabu imechomelewa. Aliyeichomelea alilewa Nyakanazi akabwabwaja, na bia alinunuliwa na Nurudini.

"Kesho saa nane mchana inakuja ekseli mpya," Nurudini akasema. "Saa hiyo tenki liwe linakaribia mpaka, Manyovu."

"Tenki haling'olewi kama jino," Nkunzimana akajibu. "Linamwagwa, linasafishwa, ndipo linafunguliwa. Kazi ya asubuhi nzima."

"Kusafisha kwa nini? Si tunakata tu na grainda?"

"Kata wewe, sha. Mimi nitakuangalia nikiwa mbali huko, Kumsenga."

Twalibu akacheka. Nurudini hakucheka. Mtu asiyejua kwamba mvuke wa mafuta unalipuka hapendi kufundishwa mbele ya dereva.

"Na cheti changu?" Nkunzimana akauliza.

Hapo ndipo aliposhikwa. Baba yake alivuka kutoka Burundi akiwa na godoro kichwani, akasubiri vyeti vya uraia, chake na cha mwanawe, mpaka mvi zikamjaa. Mwaka juzi Nkunzimana alinaswa Mabamba na mafuta ya magendo. Nurudini akamchomoa, akakishika cheti kama mtu anavyoshika kamba ya mbuzi. Tangu hapo Nkunzimana amekuwa akitembea pembeni ya barabara, na kila akimwona polisi, yeye huingia dukani kuulizia chumvi. Bila karatasi ile, askari yeyote angeweza kumpakia kwenye lori la kambi ya wakimbizi, na asingekuwa na la kusema.

"Nipe tenki, nikupe cheti," Nurudini akasema, akajipapasa kiunoni.

ALHAMISI, SAA 2:10 ASUBUHI. KASULU.

Mtunza stoo wa yadi alikuwa mama mmoja aitwaye Dorcas. Aliisoma karatasi ya kazi mara mbili. Muhuri wake ulichongwa kwenye kandambili, na herufi moja ilikuwa imelala.

"Tenki limetoboka? Nani kasema?"

"Mwenye mashua, mama," Nkunzimana akamwambia. "Tunalisafisha, tunakwenda kulichomelea, tunalirudisha."

"Mafuta yake yanabaki hapa. Ni mali ya mtu."

"Ego, ndiyo mama. Yatabaki."

Dorcas akaweka kiti chake kivulini, uso ukiitazama mashua. Nurudini alitaka kumtisha. Nkunzimana akamkanyaga mguu.

SAA 3:00 ASUBUHI.

Nkunzimana alishuka tumboni mwa mashua, na kwa mara ya kwanza tangu jana akajisikia mtu. Kazi haikuwa na uongo. Akafunga koki. Akafungua mipira mmoja mmoja: wa kujazia, wa kupumulia, unaopeleka mafuta kwenye injini na unaorudisha. Akatumbukiza pampu ya mkono, akaanza kupampu.

Madumu matatu ya kwanza yalitoka safi, rangi ya chai ya rangi. La nne lilikuwa na ukungu. La tano lilikuwa maji, kutu na utelezi mweusi uliokaa chini ya tenki miaka na miaka.

"Hili ni takataka," akamwambia Twalibu. "Liweke mbali. Hata jiko halilitaki."

Twalibu alisikia neno dumu. Mengine hayakuingia.

Nkunzimana akafungua kifuniko cha juu, akaingiza mkono hadi begani, akakwangua utelezi kwa matambara. Akaosha kwa maji ya sabuni mara tatu. Akapuliza hewa ya kompresa, akasubiri, akanusa, akapuliza tena. Nurudini alikuja kuchungulia kila dakika kumi, akiuliza kama bado.

SAA 6:15 MCHANA.

Tenki halikupita mlangoni. Lilizidi kwa vidole viwili.

"Tumekwisha," Nurudini akasema, jasho linamtiririka, mkono tayari uko kiunoni.

"Lipige risasi basi, labda litapungua."

Nkunzimana akang'oa ngazi ya ndani na fremu ya mlango, akafunga kamba, wakalivuta likiwa limelala ubavu. Likatoka. Dorcas akainuka kuwafungulia geti, naye bila haraka.

SAA 7:00 MCHANA.

Walitoka na pikapu, tenki nyuma limefunikwa turubai. Chini ya turubai lile lile, Twalibu alikuwa ameficha dumu la tano. Wanakwenda kuiba dhahabu ya tajiri, na jamaa bado ana njaa ya lita ishirini za tope. Nkunzimana aliliona alipopanda. Akadhani atakwenda kumwuzia mjinga mwenzake.

SAA 7:50 MCHANA. BARABARA YA MANYOVU.

Waliingia kwenye mikaratusi chini ya kilima. Nkunzimana akakata kwa grainda ya betri. Tenki lilikuwa safi, halikulipuka, na hakuna aliyemshukuru. Nyuma ya ukuta wa kati lilikuwepo bomba la plastiki lililozibwa ncha zote mbili. Nurudini akalipasua. Vipande vya njano vikamwangukia mapajani, akacheka kama mwehu.

"Cheti," Nkunzimana akasema.

Twalibu alikuwa nyuma ya pikapu. Hela ya mafuta ya jana aliila Kibondo, na mshale ulikuwa umelala. Akafungua kifuniko cha tenki la gari, akaegemeza dumu la tano na kuanza kumimina.

Nkunzimana akageuka. "Twalibu, usi..."

"Cheti gani?" Nurudini akamkatisha, bado anachekea dhahabu. "Kile nilishauza, mwana. Mwaka jana. Kuna jamaa huko Geita siku hizi ndiye Nkunzimana. Anakula vizuri kuliko wewe."

Iliuma. Iliuma mpaka masikio yakavuma. Akamwona baba yake amevaa koti la kuazima, akikipokea cheti kile kwa mikono miwili. Na huyu debe tupu alikiuza kama mtu anavyouza ndala.

"Ulikuwa unasema nini?" Twalibu akauliza, dumu mkononi.

Mafuta yalikuwa yanaingia, glu, glu, glu. Ilitosha kusema neno moja. Nkunzimana akamtazama, akamtazama na bosi wake.

Akafumba mdomo.

"Baki na tenki lako, fundi," Nurudini akasema. Wakamwacha hapo.

SAA 8:20 MCHANA.

Aliisikiliza pikapu ikipanda kilima. Kona ya kwanza ikapita. Kona ya pili ikakohoa. Ikaguna, ikajikaza, ikakohoa tena, ikazimika. Starta ikalia, ikalia, kisha mlango ukapigwa na Nurudini akaanza kumtukana Twalibu na mama yake mzazi.

Nkunzimana angeweza kukimbia. Akafikiria akimbilie wapi, na akiulizwa huko aseme yeye ni nani. Akakaa juu ya tenki.

Gari la polisi lilikuja kutoka Kasulu kwa kasi. Dorcas, aliyewaona getini wakishika njia ya Manyovu, alikuwa ameketi mbele, na alishuka kabla ya askari.

"Madumu matano yalitoka!" akafoka. "Nimekuta manne! Nilisema mafuta yanabaki!"

Koplo akaliona tenki lililopasuliwa, akaona na bomba la plastiki. "Wengine wako wapi?"

"Kona ya pili. Wana bastola moja. Gari halitawaka tena leo."

Askari watatu wakapanda kwa miguu, bunduki mbele. Koplo alibaki, akafungua daftari pajani.

"Jina?"

"Melkiadi Nkunzimana, wa Nduwayezu."

"Kitambulisho?"

"Sina."

"Sasa nitajuaje ndiwe?"

"Andika tu, afande. Kosa langu nitalisema lote, tangu mwanzo. Ila uliandike kwa jina hilo."

Koplo akamtazama, akaandika. Huko juu risasi moja ililia, kisha sauti ya Twalibu ikaomba asipigwe.

"Nisomee," Nkunzimana akasema.

Koplo akasoma jina lote, mpaka la baba yake.

"Ego. Ni mimi huyo," Nkunzimana akasema, akanyoosha mikono afungwe pingu.