Mizizi kutoka Ipole

Stendi ya Tabora ilikuwa imefurika watu siku Adelina alipodondosha kasha lake la barafu. Mizizi ya kunde ikatapakaa vumbini, naye akapiga magoti na gauni lake la kitenge cha njano, akaanza kuiokota.

"Dada, mbona samaki wako wana majani?" kijana mmoja alimtania huku akiinama kumsaidia. Shati lake lilikuwa na madoa ya nta ya nyuki.

"Si samaki. Ndani ya vinundu hivi wanaishi bakteria wanaolisha mmea. Natafuta wale ambao bado hawajulikani."

"Basi njoo kwetu Ipole. Njugu mawe za mama zinastawi hata mvua ikigoma."

Huyo ndiye Kornel. Adelina alikwenda. Mama Theodora alimchimbia mizizi kwa mkono wake, na kabla msimu haujaisha akawa anamwita mkwe. Adelina aliporudi maabara Morogoro kuchambua vinasaba, Kornel alipiga simu kila jioni.

"Asali wangu, wadudu wako hawajambo?"

"Hawajambo. Wivu wako je?"

Majibu yalipotoka, Adelina alirukaruka kwa furaha. Vinasaba vya bakteria mmoja wa Ipole havikulingana na vya spishi yoyote. Lakini umeme ukakatika, majokofu yakapata joto, na bila bakteria hai spishi mpya haikubaliki. Siku tatu alihangaika kuwaokoa, simu kaiacha kwenye droo. Wote wakafa. Alipoishika simu aliona Kornel amempigia mara kumi na moja. Akapiga.

"Mpenzi, nahitaji mizizi upesi! Nichimbie ile ya shamba la mama, uifunge kwa kitambaa kibichi..."

"Mizizi ipo," Kornel alisema, akakata.

Hakupokea tena. Wiki nzima Adelina alinung'unika kwamba amechokwa, hadi Magreth, dada yake Kornel, alipomwambia kwenye simu: Mama Theodora aliugua ghafla, na alizikwa siku moja kabla Adelina hajapiga kuomba mizizi.

Adelina alipanda basi. Alimkuta Kornel uani, ndevu zimemwota, macho yameingia ndani.

"Haki ya Mungu, sikujua."

"Magreth amenieleza. Nimekusamehe, Ade."

Wakakumbatiana, wakalia mpaka sauti zikakauka. Adelina akadhani yamekwisha. Kisha Kornel akaingia ndani, akatoka na kifurushi chenye unyevu.

"Nimechimba asubuhi. Ningekunyima, mama angenigombeza."

"Na sisi?"

Kornel alitazama pembeni. "Wanafukia kaburi, mimi nimeshika simu sikioni, inaita tu. Nakupenda. Lakini kila nikiona jina lako, nausikia ule mwito."

"Nitakungoja."

"Usiningoje. Mizizi itakauka."

Alimsindikiza hadi barabarani, akambebea kifurushi, akamtafutia kiti cha dirishani.

"Nikifika nikupigie?" Adelina aliuliza, chozi likimdondoka.

"Niandikie tu," alisema Kornel. "Usipige."

Gari likaondoka.