Vifungo vya Mzee Hapana

Kila asubuhi Mama Pacha hufungua banda la mafundi, hufagia vipande vya nguo, kisha huitia mafuta cherehani yake. Meza yake iko mlangoni. Mwanga wa barabara humwangukia yeye, na wateja humwona yeye kwanza. Meza hiyo ndiyo inayolisha nyumba nzima, na mumewe, Baba Pacha, haoni haya kusema hivyo.

Jumatatu moja, Mwenyekiti wa ushirika wa mafundi aliingia kifua mbele.

"Ndugu mafundi, Jumamosi tuna kura. Nataka mnipe uenyekiti wa maisha. Chaguzi kila mara zinachosha bure! Anayekubali atanyoosha mkono. Asiyekubali..." Akaigusa meza ya Mama Pacha. "Kule nyuma gizani kuna nafasi."

Wengine wakajifanya wanatunga uzi kwenye sindano. Hata mwenye cherehani mbovu aliikanyaga, nakwambia!

Jioni Mama Pacha alimweleza mumewe.

"Nyoosha tu mkono, mke wangu. Tusije tukamwaga unga."

"Nikinyoosha, ataondoka lini?"

Baba Pacha akajikuna kichwa. "Basi twende kwa Mzee Hapana."

Mzee Hapana, jirani yao, zamani alikuwa mbunge. Siku moja mtawala wa nchi alitaka kuwa rais wa maisha. Wabunge wanaokubali waliambiwa wasimame. Wote wakasimama, yeye akabaki ameketi. Alipoulizwa, alijibu neno moja tu: "Hapana." Neno hilo lilimfunga jela miaka mingi. Alitoka na mvi, goti bovu na jina jipya. Jela ndiko alikojifunza kushona sare, na tangu hapo akiona kifungo kimelegea hanyamazi, hata kama aliyekishona ni Mama Pacha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona nyuso zimewashuka? Nani kafa?"

Wakamweleza. Mama Pacha akauliza, "Mzee, nami nifanye kama wewe?"

"We! Usithubutu!" Akalinyoosha goti lake huku akiguna. "Mimi nilikaa jela ili mtu kama wewe asilazimike kuwa shujaa. Kura ni siri, mwanangu. Ukipiga kura huku bosi anakutazama, hujachagua wewe. Imechagua hofu yako."

"Lakini hatuna sanduku. Na wengi wetu hatujui kusoma."

"Vifungo mnavyo?"

Mama Pacha akacheka. "Fundi akose vifungo, mzee?"

"Basi chukueni mitungi miwili. Kila mmoja uvisheni mdomoni mkono wa koti kuukuu, ili mtu akiingiza kiganja asionekane anaachia nini. Kila fundi apewe vifungo viwili vya ukubwa mmoja. Cheupe ni ndiyo, cheusi ni hapana. Anachokichagua akiache kwenye mtungi wa kulia."

"Na kinachobaki atatoka nacho?" Baba Pacha akauliza.

"Hapo ndipo wengi hukosea! Akitoka nacho, Mwenyekiti atamwambia afumbue kiganja, na siri imekwisha. Kinachobaki kiingie mtungi wa kushoto. Kisha kura zihesabiwe mbele ya wote, kwa sauti."

"Na Mwenyekiti akikataa?"

"Mwulizeni mbele ya watu: kama tunakupenda, unaogopa nini?"

Jumamosi ikafika. Mzee Hapana alialikwa kuhesabu.

"Nyoosheni mikono!" Mwenyekiti akaamuru.

Mama Pacha alipiga moyo konde akasimama na mitungi yake.

"Mwenyekiti, tupige kura ya siri. Kama tunakupenda, unaogopa nini?"

Mtu mmoja akacheka kule nyuma. Banda zima likafuata.

"Mimi niogope?" Mwenyekiti akafoka. "Leteni hivyo vifungo vyenu!"

Wakapita mmoja mmoja, kila mtu akatoka mikono mitupu. Mtungi wa kulia ukamwagwa mezani. Cheusi. Cheusi. Cheupe kimoja. Cheusi tena. Lo! Mama Pacha alidhani ni yeye peke yake aliyekataa, kumbe banda karibu lote! Vyeupe havikujaa hata kiganja.

Siku ileile mafundi walichagua mwenyekiti mpya, wa miaka miwili tu, kwa vifungo vilevile. Mama Pacha akabaki na meza yake mlangoni.

"Mzee, asante," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Bila wewe ningekuwa gizani sasa hivi."

Mzee Hapana alikuwa bado ameweka kiganja juu ya vifungo vyeusi.

"Mimi ndiye ninayeshukuru, mwanangu. Miaka yote hii nimeamini kwamba siku ile bungeni nilikuwa peke yangu. Leo sina hakika tena."

Akaokota kifungo kimoja cheusi, akampa.

"Nishonee hiki kwenye koti langu. Na safari hii kikaze vizuri!"

Mama Pacha akacheka, akatunga uzi, akakishona palepale mlangoni.